Ukiona Dishi, Shuka

Kijiwe chenyewe kilikuwa nguzo ya simu iliyoanguka ikalala pale barabara ya vumbi inapoachana na lami ya Namanga na kuingia Kitengela ya nyuma. Wanaume walioikalia waliiita Makao Makuu. Makao makuu ya nini, hakuna aliyewahi kuuliza. Mbithe alikuwa na jiko lake la makaa hapo kando na birika la kahawa ya tangawizi, na ukishika kikombe ukainua macho ng'ambo ya mbuga, ulikuwa unaliona dishi: bakuli jeupe la chuma, pana kuliko nyumba ya vyumba vitatu, limesimama ndani ya ua wa seng'enge likikodolea mbingu macho. Miaka ya tisini lilikuwa likizungumza na satelaiti huko juu. Kisha mitambo ikazimwa, wataalamu wakahama, akabaki mlinzi mmoja na mbuzi wake, na dishi likabaki na kazi moja tu, kuelekeza wageni. Ukitaka mtu akufikie Kitengela, ulimwambia aangalie dishi. Halafu mwaka wa 2004, mwezi wa Agosti, walikuja watu wenye mitungi ya gesi. Waliondoa kingo zake pande zote kama mtu anayemenya chungwa, wakaliteremsha bakuli la katikati, wakalipakia kwenye lori refu na kwenda zao. Wanakijiwe walitazama kazi yote hiyo kutoka kwenye nguzo, mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kwenda kuuliza linapelekwa wapi. Kubishana kulikuwa rahisi zaidi.

— Limerudishwa Ulaya, alisema Ondiek. Hizo vitu hatukununua. Tuliazimwa tu.

Huyu Ondiek walimwita Redio, kwa sababu alisema kuanzia asubuhi mpaka jioni, na ukimuuliza swali hasikii.

— Ulaya gani? Kisilu alimkatiza. Kwani lori ilielekea upande gani?

— Sikuangalia. Nilikuwa naongea.

— Basi mimi nitakuambia. Imeenda kuyeyushwa. Itatoka mabati. Mwaka ujao utanunua mabati yako, ulale chini ya dishi na hujui. Mvua ikianza kunyesha unasikia Kifaransa.

— Wewe Nusu, mambo ya mabati utajulia wapi? Nyumba zako hazifikangi mahali pa mabati.

Wakacheka, na Kisilu mwenyewe akacheka. Alikuwa fundi wa mawe, na kila nyumba aliyoianza ilisimama kwenye linta ikingoja mwenyewe apate pesa au Kisilu apate hamu. Ndiyo maana walimwita Nusu.

Mwisho wa nguzo alikaa Hiram, mwenye pikapu kuukuu ya Peugeot. Huyo aliitwa Diseli. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila yakitoka yalitoka mazito.

— Hiyo dishi ndiyo ilikuwa inafukuza mvua, alisema Hiram. Watu wa Mashuuru wamekauka miaka mingapi? Sasa imetolewa juzi, na leo nimeona wingu.

— Wapi?

— Pale.

— Hiyo ni moshi ya jiko yangu, alisema Mbithe.

Redio alisogea mbele, akashusha sauti. Akishusha sauti, watu walijua sasa kunakuja jambo.

— Niwaambie ukweli? Dishi haikuzimwa. Ilijifanya imezimwa. Ilikuwa inasikiliza.

— Inasikiliza nani?

— Sisi. Wewe hukuwahi kujiuliza kwa nini ilikuwa imeinama hivi kidogo, upande wa hapa?

Wote waligeuka kutazama pale dishi lilipokuwa, kama kwamba bado lingeweza kuwaonyesha lilivyoinama.

— Kwa hivyo, Kisilu aliuliza polepole, kuna mzungu mahali ameandika maneno yetu yote?

— Yote.

— Hata ile siku Diseli alisema ng'ombe wakinyolewa wanakimbia kuliko farasi?

— Ameandika.

— Pole yake.

— Kama kuna mtu alikuwa analipwa kusikiliza nyinyi, alisema Mbithe akimimina kahawa, mimi mwenyewe ningekuja na hiyo gesi nikate.

Ilipofika zamu ya Wamalwa, mwanakijiwe wa nne, alisafisha koo.

— Limeenda servisi. Litarudishwa.

Alilisema kwa sauti ya mwanamume ambaye mkewe amekwenda kwao na sanduku zima, naye anawaambia majirani kwamba ameenda kusalimia tu.

Walimwonea huruma, kwa maana kati yao wote hakuna aliyelipenda dishi lile kama yeye, na jina lake la kijiweni lilikuwa Setelaiti. Alikuwa mtu wa Kimilili, huko magharibi, karani wa stoo katika kiwanda kimoja Athi River. Alipanga chumba hapa wakati Kitengela ilikuwa na swala wengi kuliko watu, na usiku ule wa kwanza, mkewe Shirleen alipolia kwamba wamekuja kuishi porini, Wamalwa alimtoa nje akamwonyesha taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka juu ya dishi. Akamwambia mahali penye kitu kama kile hapawezi kuwa porini. Alipokwenda nyumbani Krismasi alilielezea dishi mpaka wazee wakaacha pombe ikapoa. Mama yake, Nakhumicha, alilijua dishi hilo kama anavyolijua jiwe la mlangoni kwake, ingawa hakuwahi kuliona. Sasa wiki hiyo Wamalwa alikuwa likizo. Shirleen alikuwa amejifungua mtoto msichana, na Nakhumicha alikuwa anakuja kumwona mjukuu, safari yake ya kwanza kabisa kuvuka Nakuru. Wamalwa angempokea Nairobi Jumamosi. Alikuwa amepanga yote hayo vizuri sana, na leo ilikuwa Alhamisi.

Simu yake ikalia. Alikuwa Lennox, mtoto wa dada yake, anayeishi Nairobi.

— Uncle, vipi? Kukhu amefika poa?

Kukhu ndiyo nyanya, kwa lugha yao. Wamalwa alidhani hajasikia vizuri.

— Kukhu gani amefika wapi?

— Kukhu wetu! Alishuka na basi ya usiku leo asubuhi. Hakutaka kungoja Jumamosi, alisema mtoto hangoji. Nikamweka kwa gari ya Namanga, na mkoba wake na kuku.

— Peke yake?

— Nilitaka nimsindikize, uncle. Akaniuliza kama yeye ni gunia.

— Lennox. Ulimwambia makanga amshushe wapi?

— Alinikataza kusema. Alisema hiyo njia anaijua kuliko mimi. Si wewe ndiye ulimwambia? Ukiona dishi, shuka.

Wamalwa aliinua macho taratibu. Ng'ambo ya mbuga palikuwa na ua wa seng'enge, kibanda cha mlinzi, na anga tupu. Jua lilikuwa limeshapita utosini.

— Nini? aliuliza Mbithe, maana alimwona rangi inavyombadilika.

— Mama yangu. Amekuja leo. Anatafuta dishi.

Kisha, kama ilivyo kawaida ya Makao Makuu, wote walianza kusema mara moja.

— Atakuwa amefika Namanga, alisema Kisilu. Akikosa dishi ataendelea tu.

— Namanga kuna mpaka, alisema Redio. Watamuuliza paspoti. Yeye atawauliza dishi. Wale watu wa Tanzania watamwonyesha dishi yao, kwani wamekosa dishi? Anaweza kufika hata Arusha.

— Nyamaza, Redio!

— Mimi nasema tu vile mambo huenda.

— Tufanye kamati, alisema Hiram.

Hilo liliwaingia akilini. Wakaunda kamati ya kumtafuta mama papo hapo. Redio alijiteua kuwa mwenyekiti, Kisilu akasema mwenyekiti hawezi kuwa mtu aliyempeleka mama Arusha, Hiram akawa mweka hazina ingawa hapakuwa na hazina. Kisha likazuka swali kama mwenye mama anaruhusiwa kupiga kura, au atakuwa kama hakimu anayeamua kesi yake mwenyewe. Wamalwa alisimama katikati yao na simu mkononi, akimtazama huyu akimtazama yule, na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba sehemu fulani ya kichwa chake ilikuwa ikifuata ule ubishi na kutaka kuchangia.

Mbithe aliweka birika chini kwa kishindo.

— Mko na pikapu. Mko na miguu. Mama ya watu amepotea, na nyinyi mnachaguana. Diseli! Toa gari. Nyinyi wengine, sukumeni.

Ilibidi isukumwe kweli, maana pikapu ya Hiram haikuwahi kuwaka yenyewe. Redio na Kisilu, ambao hakuna aliyekumbuka kuwaona wakisukuma kitu, walisukuma mpaka kwenye lami na kubaki wameinama, mikono magotini. Wakapiga kelele kwamba wao watalinda kijiwe.

Hiram alishika njia ya Namanga. Nyika ilikuwa imekauka pande zote, vumbi likizunguka zunguka, mbuzi wakitembea na kivuli chao. Kila alipoona kikongwe kando ya barabara, Wamalwa alimpiga Hiram begani, na gari likasimama. Mmoja alikuwa bibi wa Kikamba akiuza kunde. Mwingine alikuwa mzee mwanamume aliyejifunga shuka kichwani kwa sababu ya jua, akawatukana kwa Kimaasai. Wa tatu alikuwa gunia la makaa lililofunikwa leso.

Isinya waliuliza stejini. Hakuna aliyemwona mama mwenye kuku na mkoba, anayetafuta dishi.

— Dishi ya nini? kijana mmoja aliuliza. Ya TV?

— Kubwa. Ya satelaiti.

— Si hiyo iko Kitengela?

Wamalwa alirudi kwenye gari, akafunga mlango mara mbili kabla haujashika. Alianza kuliona baraza la ndugu zake Kimilili, wote wamekaa, kaka yake mkubwa amesimama. Mama ulimpoteza wapi? Kwenye dishi. Dishi liko wapi? Halipo. Hata yeye mwenyewe, akijisikiliza, hakuliamini jibu hilo. Alikuwa na umri wa kuota mvi kifuani, ana mke, ana mtoto, na bado kwa mama yake hakuwa na mahali pa kumwelekeza ila kitu cha watu wengine, kitu ambacho hakuwahi hata kukigusa kwa mkono. Akajifuta uso na mkono wa shati, akasema ni vumbi.

— Ni vumbi, Hiram alikubali.

Walipokaribia Kajiado, kabla ya kufika soko la mifugo, Hiram alikanyaga breki bila kuambiwa. Pikapu ikaenda mbele kidogo kwa hiari yake ndipo ikasimama.

— Setelaiti, alisema. Angalia huko.

Kando ya barabara, ndani ya kiwanja cha wachuuzi wa ng'ombe, lilikuwa limelazwa dishi. Si lote. Lilikuwa lile bakuli la katikati, jeupe, limewekwa juu ya mawe makubwa, linatazama juu vile vile lilivyozoea. Mtu mmoja alikuwa akiziba tundu la katikati kwa simenti. Wengine walikuwa wakivuta mpira wa maji kutoka kwenye tangi. Ng'ombe walisimama kando wakingoja, kwa adabu, kama waumini kabla ya mlango wa kanisa kufunguliwa.

Na kwenye kivuli cha bakuli hilo, juu ya mkoba wake, na kuku amelala miguuni, alikaa Nakhumicha. Pembeni yake alikaa mama wa Kimaasai mwenye shanga mpaka mabegani, na kati yao kulikuwa na chupa ya chai ya maziwa. Walikuwa wanazungumza. Kiswahili kilikuwa kimewaishia; mmoja alizungumza Kimaasai, mwingine Lubukusu cha kwao Kimilili, na wote wawili walikuwa wakikubaliana.

Wamalwa aliruka seng'enge. Suruali ikashikwa, ikachanika, hakujali. Mama yake alionekana mdogo sana chini ya kile chuma.

— Mayi, alisema.

— Umechelewa, alisema Nakhumicha. Nimekungoja tangu asubuhi. Hawa watu nimewauliza Wamalwa wa dishi, wanasema hapa hakuna mtu kama huyo. Unakaa na watu namna gani hata hawakujui?

— Mayi, hapa si Kitengela. Hapa ni Kajiado. Umepita mbali sana.

Nakhumicha aligeuka, akaligonga lile bakuli kwa konzi. Likalia kwa sauti nene.

— Hili ni dishi, au si dishi?

— Ni dishi.

— Ndilo lile lako?

— Ndilo.

— Basi.

Wamalwa aliketi chini kwenye vumbi, karibu na kuku, akashika mguu wa mama yake juu ya kiatu cha raba, akaanza kulia kama mtu anayekohoa. Mama yake alitazama ng'ombe. Alimwacha mpaka akamaliza.

— Uliniambia hata mtoto hawezi kupotea, alisema baadaye, taratibu. Mimi sikupotea. Ni nyinyi mlipoteza dishi.

Hiram alikuwa amefika, kofia mkononi. Alimsalimia mama wa Kimaasai.

— Takwenya.

— Iko, akajibu yule mama, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Huyu ni mama yenu? Mchukue pole pole. Mama mzuri. Amekataa kuondoka. Nilimwambia twende nyumbani ulale, kesho tutatafuta kijana yako. Akashika hiyo chuma, akasema kijana yake alisema hapa.

Aliitwa Ng'oto Lemayian, na mumewe alikuwa mmoja wa wachuuzi waliolinunua bakuli. Wamalwa alimuuliza ni la nini sasa. Yule mama alimshangaa kidogo.

— Maji ya ng'ombe. Siku ya soko wanakuja kutoka mbali na kiu. Kwani hujaona ni bakuli?

Hawakuondoka mpaka maji yalipofunguliwa. Nakhumicha alitaka kuona. Ng'ombe wa kwanza akaingiza mdomo, akanusa, akanywa, na wengine wakamfuata. Ng'oto Lemayian akapiga makofi mara moja tu. Wakaagana kwa kushikana mikono muda mrefu, akampa Nakhumicha kibuyu kidogo cha maziwa kwa ajili ya yule aliyejifungua, Nakhumicha naye akafungua mkoba, akamwachia ndizi za Kimilili.

Jua lilikuwa linaegemea upande wa Ngong waliporudi Kitengela. Mbithe alikuwa hajafunga jiko. Redio na Kisilu walisimama kutoka kwenye nguzo kwa pamoja, na kwa vile nguzo haikuzoea kuachwa, ilibingirika kidogo.

— Mama! Karibu, mama! Umetutesa!

— Mulembe, alisema Nakhumicha akiteremka. Ninyi ndio mnasaidianaga na mwanangu?

Walitazamana. Kusaidiana lilikuwa neno kubwa.

— Tunakaa tu pamoja, alisema Kisilu.

Mbithe alimpangusia mahali katikati ya nguzo, akampa kikombe kilichojaa. Wamalwa alisimulia, Hiram akiitikia kwa kichwa palipohitajika. Alimalizia kwamba dishi liko Kajiado, limejazwa maji, ng'ombe wanakunywa.

— Si nilisema? alianza Redio.

— Ulisema nini? Ulisema Ulaya!

— Nilisema limeenda. Hiyo ndiyo ilikuwa pointi yangu.

— Mimi nilisema mambo ya maji, alisema Hiram. Mvua ni nini?

— Na servisi? alisema Wamalwa. Limezibwa tundu. Hiyo si servisi?

Nakhumicha alikuwa akinywa kahawa huku akiwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayetazama watoto wa jirani wakicheza mpira uliotoboka. Alimaliza kikombe, akakigeuza akakung'uta chembe, akamrudishia Mbithe na kumshukuru.

— Sasa na mimi niulize, alisema.

— Uliza, mama.

— Nitarudi nyumbani. Watu watakuja kunisalimia. Watasema, ulifika kwa Wamalwa? Nitasema nilifika, nilimshika mtoto. Watasema, huyo Wamalwa anakaa wapi? Niwaambie anakaa wapi?

— Kitengela! alisema Redio haraka.

— Kitengela nimeipita mara mbili leo. Ni kubwa. Kitengela wapi?

— Hapa kwa steji, alisema Kisilu.

— Steji wanahamisha, alisema Hiram. Wameshapima.

— Basi nyuma ya duka ya Gakuru.

— Gakuru alifunga, alisema Mbithe. Sasa ni kinyozi. Na huyo kinyozi naye anahama.

— Ile ploti ya manjano!

— Ilipakwa bluu.

— Mwambie, mama, ukitoka Nairobi, upande wa kulia, kuna nyumba moja ya mawe haijaisha...

— Gani? aliuliza Hiram. Nusu, nyumba za mawe hazijaisha ziko ngapi hapa, na ni nani alizijenga?

Kisilu akakaa.

Wote wakamgeukia Wamalwa. Alitafuta neno. Barabara yao haikuwa na jina. Ploti ilikuwa na nambari, lakini nambari ilikuwa kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikaa Nairobi, alikuja mwisho wa mwezi na kuondoka kabla chai haijachemka. Jirani wa kushoto alikuwa amehamia juzi, wa kulia anaondoka Septemba. Kulikuwa na mti mmoja mkubwa wa miiba pale kona, lakini watu wa stima waliupiga alama nyekundu ya kukatwa. Alifikiria kusema: mahali ninapoona mbuga nikiamka. Aliona hiyo si anwani ya kumpelekea mtu Kimilili.

Akauchukua mkoba wa mama yake, akaupachika begani.

Mbithe alichochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hewa ikatoka peke yake.

Nakhumicha alingoja. Hakuwa amekasirika. Alingoja kama mtu aliyeomba chumvi, na anajua nyumba haiwezi kukosa.

— Fikirieni pole pole, alisema mwishowe. Sirudi nyumbani kesho.

Akainuka, akakung'uta gauni, akamwingiza kuku kwapani na kushika kibuyu cha maziwa kwa mkono wa pili.

— Twende nikamwone mtoto.

Akatangulia mbele kwenye barabara ya vumbi, ingawa njia hakuijua, na Wamalwa akamfuata akibeba mkoba.